Shavu la Faina Lyadova

Wanawake wa karakana namba saba walikuwa wakipanga foleni ya maziwa saa tano kasoro robo asubuhi, kila mmoja na chupa yake, nami dirishani na kopo la kupimia. Nusu lita kwa kila mtu, kila zamu. Kwenye orodha niliyopewa iliandikwa sababu kwa neno moja tu: madhara. Wachomeleaji walijua madhara yao, wapaka rangi walijua yao. Hawa wa namba saba waliambiwa kwamba mitambo yao inatoa mawimbi, na kwamba maziwa yanasaidia. Mimi sijapata kuona maziwa yakizuia kitu isipokuwa njaa, lakini sikuwekwa pale kutoa maoni.

Mwezi wa Septemba mwaka sabini na mbili, Faina Prokhorovna alininyooshea chupa yake na kuiweka hewani, kando ya dirisha. Ikaanguka, ikavunjika. Watu wakacheka, naye akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naishi naye mlango kwa mlango, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwona akimimina supu ya kabichi pembeni ya sahani.

Tulikaa orofa ya tatu huko Saratov, familia nne jiko moja, na katika nyumba ya namna hiyo hakuna siri isipokuwa ile ambayo watu wameamua kutoiona. Faina alikuwa mjane wa miaka arobaini na tisa, mwembamba, mwenye kucha zilizokatwa mpaka nyamani. Alikuja mjini wakati wa vita akiwa na miaka kumi na minane, kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya mto. Baba yake, mzee Prokhor, alikuwa fundi wa majiko ya matofali, yale makubwa ambayo familia nzima hulala juu yake msimu wa baridi. Mzee yule hakuwa na kipimo chochote. Akimaliza kujenga jiko aliwasha kuni mbili, akasogeza shavu kwenye mdomo wake, akajua kama moshi unapanda vizuri au kuna tofali limekaa vibaya. Binti yake alimwona akifanya hivyo tangu anatambaa. Watu wengine hurithi shamba, Faina alirithi shavu.

Kiwanda chetu hakikuwa na jina. Kilikuwa na namba ya sanduku la posta, na watu mjini walisema "yule anafanya kazi Sandukuni," ikatosha. Karakana namba saba ilitengeneza magnetroni, kidude cha shaba ukubwa wa birika, ambacho ndicho moyo wa rada. Kazi ya Faina ilikuwa kukifunga kwenye bomba la mawimbi, kukiwasha, na kukirekebisha mpaka kitoe nguvu inayotakiwa. Kifaa cha kupimia nguvu hiyo kilikuwa kimoja kwa meza sita, tena kila mara kiko kwa fundi. Wengine walikuwa wakikingojea. Faina hakungoja. Alifungua kifuniko cha mwisho wa bomba, akainamisha kichwa, akasogeza shavu la kulia umbali wa shubiri moja, akatulia kama mtu anayesikiliza ukutani. Halafu akasema "bado," akazungusha skrubu. "Kidogo." Akazungusha tena. "Hapo." Kifaa kikija baadaye kilikubaliana naye.

Mawimbi hayo huyaoni wala huyasikii. Unachohisi ni joto tu, tena joto la ajabu, halianzii juu ya ngozi bali ndani kidogo, kama aibu. Ndivyo alivyonieleza yeye.

Mwisho wa mwezi, kiwanda kikiwa nyuma ya mpango na kapteni wa jeshi la maji amesimama mlangoni akingojea mitambo yake, shavu lile liliokoa karakana nzima. Mwaka sitini na sita gazeti la kiwanda likamtoa ukurasa wa kwanza: "Mbinu ya Lyadova." Picha kubwa, uso kwenye mdomo wa bomba. Chini yake agizo la mhandisi mkuu kwamba mbinu hiyo ienezwe, na kwamba wafanyakazi wenzake wanane wamekwisha kufundishwa. Walimpa cheti na saa ya mezani. Saa ile haikuwahi kwenda sawa.

Usingizi ndio ulioanza kumtoka, kama miaka mitatu kabla ya chupa kuvunjika. Kisha utulivu. Ukikaa naye jikoni, anainuka. Anafuta meza iliyofutwa. Anahamisha sufuria yake kutoka jiko hili kwenda lile, anakwenda dirishani, anarudi, anakaa, anainuka. Mikono baridi kama ya mtu aliyetoka kufua mtoni. Nywele kwenye kitana. Siku moja, wiki chache kabla ya ile chupa, tuligombana kwa ajili ya kijiko, akanirushia maneno ambayo singemrushia mbwa, na robo saa baadaye akaja mlangoni kwangu na kijiko chenyewe.

"Chukua, Nonna Tikhonovna. Kumbe ni chako."

"Nilikwambia ni changu."

"Basi chukua. Mimi sijui nina nini. Kama kuna mtu kaweka nyuki humu ndani." Akajigonga kifuani.

"Mwambie daktari."

"Nimwambie ili iwe nini? Miezi kumi na minne, shoga. Kumi na minne tu, halafu nitalala."

Hesabu hiyo kila mtu Sandukuni aliijua. Mwanamke akitimiza miaka kumi katika karakana ya madhara anastaafu akiwa na hamsini badala ya hamsini na tano. Faina alikuwa amebakiza mwaka na miezi miwili. Ng'ambo ya mto alikuwa na kipande cha ardhi, mitufaha kumi na mmoja na kibanda cha mbao. Alikuwa ameweka hata kiti cha kulalia pale, amekifunika turubai, hakijakaliwa. Lakini daktari akiandika kwamba u mgonjwa, wanakutoa kwenye karakana siku hiyohiyo, na miezi iliyobaki inakufa. Kwa hiyo wanawake wa namba saba walikuwa wazima kila mwaka. Walikuja mbele ya tume ya madaktari wamejipaka rangi mashavuni, wanacheka. Ubao wa herufi wa kupimia macho walikuwa wameuhifadhi kwa moyo kutoka juu mpaka chini, na mpya akija alifundishwa ubao kabla hajafundishwa bisibisi.

Jioni ile ya chupa nilimwambia nikiwa namenya viazi.

"Faina, jicho."

"Jicho gani?"

"La kulia. Upande wa shavu."

Akageuza kichwa kunitazama, kama kuku, kwa jicho la kushoto. Akainuka, akafuta meza.

Tume ilianza kupima watu tarehe tano Oktoba. Daktari wa macho alikuwa Rimma Osipovna, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwanamume, asiyepokea chokoleti. Faina aliponisimulia alikuwa akitembea kutoka mlango mpaka dirisha.

"Akaniambia funika jicho la kushoto, soma mstari wa saba. Nikasoma."

"Halafu?"

"Akasema vizuri sana, Ndugu Lyadova, huo ni mstari wa saba wa ubao wa mwaka jana. Huu nimeuleta Jumanne."

Nikaweka kisu chini. Mtu anayejua kazi yake nampa heshima, hata akiwa adui.

Rimma Osipovna alimwingiza chumba cha giza, akammulika kwa taa. Nyuma ya kioo cha jicho la kulia akaona ukungu. Alimweleza kwa lugha ya jikoni. Ute wa yai ni kama maji, alisema, mpaka upate joto, na ukishakuwa mweupe huwezi kuurudisha. Shavu lina damu, damu inapita inachukua joto inaondoka nalo. Kioo cha jicho hakina damu. Kinakaa na joto lake. "Na huna usingizi," akasema, "na huwezi kukaa, na moyo wako unakwenda polepole, na wewe si wa kwanza. Ukiendelea, la kushoto litafuata."

Kisha akamwekea mambo mezani. Akiandika kwamba ni ugonjwa wa umri, Faina anatolewa kesho, miezi haipo. Akiandika kwamba ni ugonjwa wa kazi, miezi inahesabiwa, na mengine juu yake. Lakini ili aandike hivyo anahitaji karatasi ya kipimo kutoka kwenye meza ya Faina, inayoonyesha mawimbi yamezidi kiwango. Na karatasi zilizokuwapo, za miaka tisa, kila robo mwaka, zilisema kitu kimoja: yako ndani ya kiwango.

"Karatasi zenu ni safi kuliko vyombo vyangu," Rimma Osipovna alimwambia. "Tume inakaa tarehe thelathini na moja. Mpaka siku hiyo faili lako limepotea kwenye droo yangu. Zaidi ya hapo siwezi."

Sasa, kazi yangu haikuwa maziwa tu. Nilianza kuuza mbegu za alizeti stesheni nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo sijawahi kupata kitu bila kujua mwenzangu anataka nini. Nikaketi nikafikiri.

Kipimo kililetwa na mkaguzi wa afya wa mji, Veniamin Lukich, mzee mkavu, mwaminifu mpaka anachosha. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa tarehe. Alikuja daima tarehe kumi ya mwezi wa kwanza wa robo, na taarifa ilitangulia wiki nzima. Tarehe kumi karakana ni kimya, hakuna haraka. Mkuu wa karakana, Gennady Savelyevich Khromov, alikuwa anapunguza nguvu ya mitambo, vifuniko vyote vinafungwa, wanawake wanavaa ile miwani yenye wavu mwembamba wa shaba, ambayo siku nyingine ilikaa kwenye droo kwa sababu ukiivaa huoni skrubu. Mzee anapima, anaandika alichokiona, anaondoka. Hakudanganya hata mara moja.

Alichohitaji Faina si mkaguzi mwingine. Alihitaji mkaguzi huyohuyo tarehe thelathini, wakati Gennady Savelyevich hawezi kupunguza chochote.

Kifaa cha mzee kilikuwa kizito kama kondoo, na kilibebwa na gari la kiwanda. Dereva alikuwa Mitrofan. Mitrofan alikuwa na binti anayeolewa, na harusi bila malai haiendi. Na kwenye makopo yangu ya maziwa, yakikaa asubuhi moja, malai hupanda juu yenyewe. Sikumwibia mtu, nusu lita ilibaki nusu lita.

"Nonna Tikhonovna, unataka gari liugue?" Mitrofan aliuliza.

"Liugue tarehe tisa."

"Lipone lini?"

"Thelathini, saa nne asubuhi. Si saa tano."

"Ugonjwa wa siku ishirini na moja ni ugonjwa mkubwa. Huo ni mitungi mitatu."

"Miwili. Gari lenyewe lilikuwa linaugua bila malipo mwezi wa sita."

Akacheka, tukapatana miwili.

Wiki zile tatu Faina alikuwa kama paka aliyefungiwa. Alinijia asubuhi, alinijia mchana. Je, mzee akiazima gari la kwingine? Je, Gennady akinusa? Nilimwambia neno moja nikalirudia mpaka likachakaa: siku hiyo kaa kwenye kiti, mikono mapajani, usiguse kitu. Acha kifaa kiseme.

"Nitakaa."

"Hujakaa hata sasa."

Akatazama miguu yake, akajikuta amesimama.

Tarehe thelathini karakana ilikuwa kama soko la samaki. Mitambo minne ilikuwa bado, kapteni wa jeshi la maji ameketi juu ya kreti akitazama saa yake. Siku za namna hiyo hawakuruhusiwa kutoka kuja dirishani, kwa hiyo nilipeleka maziwa mwenyewe kwenye meza, na ndiyo maana niliona kwa macho yangu. Saa nne na dakika kumi mlango ukafunguliwa, Veniamin Lukich akaingia na kofia mkononi, nyuma yake Mitrofan amebeba kifaa.

Gennady Savelyevich alikuwa mwanamume mwekundu. Akawa kijivu.

"Veniamin Lukich, mpendwa wangu. Leo? Njoo tarehe mbili, tutakuandalia chai."

"Gari limepona leo," mzee akasema. "Na kipimo cha robo hii lazima kifanyike mwezi huu. Endeleeni na kazi."

Gennady akamtazama kapteni. Kapteni akatazama saa. Hakuna aliyepunguza nguvu.

Mzee alianza na meza ya Faina, kwa sababu ndiyo ya kwanza kutoka mlangoni. Faina alikuwa ameketi, mikono mapajani, vidole vimefungamana mpaka vimekuwa vyeupe. Mzee akasimamisha kipimo penye kifua chake, kifuniko kikiwa kimefungwa. Mshale ukapanda. Akasoma: mara tatu ya kiwango.

"Mara tatu tu," Gennady akasema haraka. "Mpira wa kifuniko umechakaa. Kesho tunabadilisha. Andika umebadilishwa."

Mara tatu ilikuwa karatasi dhaifu, lakini karatasi. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo mtambo uliokuwa kwenye meza ukabadilisha mlio. Mimi sikusikia kitu. Faina alisikia. Nilimwona bega likitetemeka. Kapteni aliinuka kutoka kwenye kreti. Na Faina, ambaye nilimfunza kwa wiki tatu neno moja, akafungua vidole, akafungua kifuniko, akainamisha kichwa akaweka shavu kwenye mdomo wa bomba.

"Bado," akasema.

Veniamin Lukich alibaki ameshikilia penseli hewani.

"Ndugu, umefanya nini?"

"Napima."

"Unapima kwa nini?"

"Kwa hili." Akagusa shavu. Ndipo akaelewa alichofanya.

Mzee alichukua kipimo akakiweka palepale shavu lilipokuwa. Mshale uligonga mwisho. Akageuza kipimo ngazi ya juu, ukagonga tena. Ngazi ya tatu ukasimama. Akaandika.

Gennady Savelyevich alirudiwa na rangi yake mara moja. "Umeona mwenyewe," akasema. "Kifuniko kakifungua yeye. Miwani hiyo hapo kwenye droo, ina vumbi. Kavunja kanuni mbele ya mkaguzi. Andika hivyohivyo, Veniamin Lukich."

Na mzee, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, aliandika hivyohivyo: mfanyakazi Lyadova, kinyume cha maelekezo ya usalama, ameweka uso wake mwenyewe mbele ya bomba wazi. Faina akapewa atie sahihi, akapewa nakala, kama mshtakiwa yeyote. Niliondoka na kreti langu nikiwa na hasira. Mitungi miwili ya malai, na mwanamke hakuweza kukaa dakika tano.

Jioni alikuwa anazunguka jikoni na koti lake bado mwilini.

"Nimejimaliza, Nonna. Kwa mkono wangu."

"Kwa shavu lako. Lete karatasi."

"Ya nini? Imeandikwa kosa ni langu."

"Lete, mwanamke, kabla sijaunguza kitunguu."

Nikaisoma nikiwa nimesimama. Nikaisoma tena. Kisha nikazima jiko, jambo ambalo sifanyi hivihivi.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Kinyume cha maelekezo…"

"Chini yake."

Akaleta jicho la kushoto karibu. Mzee yule, ili aandike kosa lake kikamilifu, alikuwa ameandika pia kile alichokipima mahali pa kosa. Mara elfu mbili ya kiwango.

"Mtu hawezi kukushtaki kwamba umeloa bila kuandika kwamba mvua ilinyesha," nikamwambia. "Hiyo ndiyo karatasi ya Rimma Osipovna. Na sahihi ya Gennady iko chini yake, katia kwa furaha."

Faina aliketi. Dakika nzima, nadhani. "Lakini watasema nilijitia hatarini mwenyewe."

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye kabati langu. Sitoi kitu nje ya nyumba bila sababu, na magazeti ya kiwanda ni mazuri kutandika chini ya chupa za jemu. Rafu ya pili, chini ya jemu ya zabibu kali, alikuwapo Faina mwenyewe, miaka sita nyuma, uso kwenye mdomo wa bomba, na agizo la mhandisi mkuu kwamba mbinu ienezwe. Kulikuwa na duara la jemu kwenye paji lake la uso. Vinginevyo anasomeka vizuri.

Nilimfunza upya mpaka chai ikapoa. Omba kila kitu: miezi, ugonjwa wa kazi, upasuaji Moscow, mwezi mmoja wa mapumziko pwani ya Bahari Nyeusi. Anza juu, shuka polepole. Wakinyamaza, nyamaza. Mwenye haraka ndiye anayelipa. Gazeti lisitoke kwenye koti mpaka Gennady aseme neno "maelekezo."

Asubuhi tulikwenda pamoja zahanati ya kiwanda. Mimi nikabaki kwenye benchi la nje. Ndani walikuwa Rimma Osipovna, Gennady, na naibu mkurugenzi wa utumishi, mtu asiye na nyusi. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na masikio yangu hayajawahi kuwa na ukungu.

Gennady alisema "maelekezo" kabla hata ya kukohoa. Nikasikia gazeti likifunguliwa. Kisha sauti ya naibu, laini kama siagi.

"Picha nzuri. Ndugu Lyadova, tuelewane. 'Ugonjwa wa kazi' hatuwezi kuandika. Likiandikwa linakwenda Moscow, na Moscow wataanza kuuliza maswali kuhusu mahali ambapo hapana jina. Lakini miezi yako iliyobaki inaweza kuhesabiwa. Utakaa stoo, utagawa miwani. Jicho litapasuliwa hapahapa Saratov. Unatuachia gazeti na nakala ya karatasi. Kuna mtu ameumia?"

Kwenye benchi niliinama nikafunga macho. Pendekezo la kwanza, na tayari lilikuwa na kila alichokitaka. Sasa nyamaza, nilisema moyoni. Nyamaza, atapandisha.

"Na wale wanane?" Faina akauliza.

"Wanane gani?"

"Niliowafundisha. Zoya Kubyshkina. Lida Terekhova. Wale dada wawili kutoka mji wa Engels." Akawataja wote.

"Hao hawajalalamika."

"Hata mimi sikulalamika."

Nikasikia kiti kikisukumwa. Alikuwa amesimama, bila shaka. Hatua zake, mlango mpaka dirisha, dirisha mpaka mlango. Nilizijua kama saa yangu.

"Vifuniko vya mabomba vifungwe kwa kufuli," akasema akitembea. "Leo. Ufunguo akae nao mkaguzi. Gazeti liandike kwamba mbinu imefutwa, kwa herufi zilezile, ukurasa uleule. Na wanane wote wapite kwenye taa ya Rimma Osipovna wiki hii. Mkifanya hivyo, andikeni mimi nimeondolewa kwa ajili ya umri. Miezi chukueni."

"Una wazimu," Gennady akasema, naye alisema kwa mshangao wa kweli.

"Ndugu Lyadova," Rimma Osipovna akasema polepole, "keti kwanza."

"Siwezi kuketi. Andikeni."

Naibu hakuwa mjinga. Aliandika kabla Faina hajabadili mawazo. Faina alipotoka, karatasi zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi zote.

"Biashara mbaya," nilimwambia tukishuka ngazi. "Ungekaa nusu saa ungepata vyote viwili. Kufuli na miezi. Alikuwa anatoka jasho yule."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Nilikuwa siwezi kukaa nusu saa, Nonna." Akasema hivyo tu, kama anayesema kiatu kinabana. "Mtu mwenye afya angekaa."

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Walimnyang'anya kile ambacho mtu anahitaji ili kuwadai.

Kufuli ziliwekwa siku ya pili, na mitambo ya mwezi wa Novemba ilichelewa siku nane. Karakana nzima ilimlaani Faina mpaka Mwaka Mpya, kwa sababu hakuna aliyepata kitu juu ya mshahara. Lida Terekhova hakumsalimia hata baada ya taa kumwonyesha ukungu mdogo, mwanzo kabisa, jicho la kulia. Wawili kati ya wanane walikuwa nao. Wakahamishwa wakaone vizuri mahali pengine. Gazeti lilifuta mbinu, ingawa kwa herufi ndogo kuliko ilivyoahidiwa.

Faina alipasuliwa jicho majira ya kuchipua, akapewa miwani minene kama kitako cha chupa, akafanya kazi ya kufunga makasha mpaka hamsini na tano, miaka yote ile, bila nusu lita ya maziwa kwa kuwa makasha hayana madhara. Nilimpa ya kwangu. Si bure, mimi sitoi bure. Nusu lita kwa kilo mbili za tufaha, vuli ikifika. Alitaka kunipa tatu. Hakujua kupatana mpaka mwisho.

Mwaka aliostaafu nilivuka daraja mwezi wa Septemba kuchukua haki yangu. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, hakuna upepo. Nilimkuta kwenye kile kiti cha kulalia, turubai limekunjwa chini, miwani kifuani, mdomo wazi. Amelala. Mikono haikutikisika, miguu haikutikisika. Shavu la kulia alikuwa amelielekeza kivulini.

Nilichuma kilo mbili zangu kimyakimya. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyetazama, nikachuma na ile ya tatu.